Msaidizi wa katuni katika Outlook: kwa nini usikubali "arudishwe"

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mhazili katika ofisi ndogo ya mawakili. Kwa miaka mingi nilitumia Outlook 2003, programu ya barua pepe ya Microsoft, na kila nilipokwama nilimwuliza yule msaidizi wa katuni mwenye umbo la klipu ya karatasi. Sasa tumenunuliwa kompyuta mpya yenye Outlook ya kisasa na klipu simwoni. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue ameniambia kwamba klipu amefichwa tu, na kwamba kwa shilingi 2,500 atamrudisha kwa programu aliyoipakua, tena akiwa na uwezo mpya wa kunisomea barua na kunipendekezea majibu. Anataka nenosiri langu la barua pepe, na anataka tuzime kinga ya virusi kwa muda mfupi. Je, nimkubalie? – Mhazili, Ngara, Nairobi

JIBU: Usimkubalie, dada. Ikiwa nenosiri umekwisha kumpa, libadilishe sasa hivi kwa kutumia kompyuta ambayo fundi huyo hajaigusa, kisha urudi uendelee kusoma.

Klipu hajafichwa. Aliingia na Office 97 (Office ni kifurushi cha programu za Microsoft, zikiwemo Word na Outlook), akazimwa tangu kiwandani katika Office XP ya mwaka 2001, na katika Office 2007 akaondolewa kabisa. Microsoft Agent, teknolojia iliyokuwa ikimchezesha kwenye skrini, nayo haikuwekwa tena kuanzia Windows 7. Mwaka 2021 Microsoft iliirudisha sura yake kama emoji ya klipu katika programu zake, na tangu hapo nakutana na watu wanaoapa kwamba msaidizi mwenyewe amerudi. Kilichorudi ni picha. Katika kompyuta yako mpya hakuna chochote ambacho fundi anaweza kukifichua, na kwa hiyo chochote atakachosakinisha kitakuwa kazi ya mtu mwingine asiyejulikana.

Hayo ni mepesi. Lililo zito, na ambalo nimechoka kulisahihisha, ni imani kwamba msaidizi yule alikuwa anajua kitu. Karibu kila anayeniuliza habari zake huzungumza kana kwamba ndani ya katuni mlikuwa na akili iliyoifahamu kazi yake, ikasoma barua zake na kumhurumia alipokwama. Alikuwa kama bawabu wa jengo kubwa la ofisi: anakuonyesha mlango, lakini ya ndani si yake. Ulipobofya na kuandika swali, maneno yako yalipimwa kwa hesabu ya uwezekano, mada za msaada zilizoelekea kufanana nayo zikaorodheshwa, nawe ukachagua. Majibu yalikaa katika faili za msaada zilizosakinishwa pamoja na Office, na yalipatikana hata kama katuni imezimwa. Mtu aliyebofya klipu na mtu aliyefungua menyu ya msaada walifika kwenye kurasa zilezile, ila wa pili hakulazimika kutazama macho yakipepesa.

Na pale alipojitokeza bila kuitwa? Watafiti wa Microsoft, akiwemo Eric Horvitz, walikuwa na mradi ulioitwa Lumiere, uliojaribu kukisia nia ya mtumiaji kutokana na mwenendo wake kwenye kompyuta. Sehemu kubwa ya ukisiaji huo haikuingia katika bidhaa iliyouzwa. Kujitokeza kwa klipu kuliendeshwa na kanuni rahisi: ukifanya hili, nitasema lile. Ndiyo sababu katika Word aliweza kutangaza kwamba unaandika barua kwa kuwa tu umeanza na maamkizi ya barua, na angekutangazia hilo hata ungekuwa umeandika barua za aina hiyo kwa miaka ishirini. Hakujifunza kutoka kwako, na nia ya barua iliyokuwa mbele yako hakuijua kamwe.

Nalisisitiza hili kwa sababu imani hiyo ndiyo mtaji wa walaghai. Aliyezoea kudhani kwamba sura inayochekacheka inamjua na inamjali huona ni jambo la kawaida sura hiyo ikimwomba nenosiri. Mbinu yenyewe ni kongwe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na BonziBuddy, msaidizi aliyepakuliwa bure, kwanza akiwa kasuku wa kijani na baadaye sokwe wa zambarau, aliyeendeshwa na teknolojia hiyohiyo ya Microsoft Agent. Alisimulia vichekesho, akaimba, na huku akiwamiminia watu matangazo. Mwaka 2004 kampuni iliyomtengeneza ilikubali kulipa dola 75,000 nchini Marekani kumaliza madai kwamba ilikusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Waliompakua wakati ule walitaka burudani tu. Wewe unaombwa umweke mgeni wa namna hiyo katika ofisi ya mawakili.

Tazama basi masharti ya fundi wako. Programu halali haihitaji kinga ya virusi izimwe ili iingie. Anayekuambia uizime anajua, au anashuku, kwamba kinga itaikataa programu yake. Tena fundi hana haja ya kulijua nenosiri lako hata anapokusakinishia Outlook yenyewe, kwa kuwa unaweza kuliandika mwenyewe naye akiwa amegeuka pembeni. Mafundi waaminifu wako tele mtaani humo, na utawatambua kwa jambo hilo moja: hawaulizi.

Programu "inayokusomea barua" inasoma barua zote, zikiwemo za wateja wenu, hati za viwanja, mapatano ya nje ya mahakama na namba za akaunti. Walaghai wa barua pepe mara nyingi hawaibi siku ile ile. Husubiri kimya mpaka malipo makubwa yakaribie, kisha humtumia mteja barua inayofanana na yenu ikiwa na akaunti nyingine ya benki. Na kubadilisha nenosiri peke yake hakutoshi, jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kanuni iliyowekwa ndani ya akaunti ili kila barua inakiliwe na kupelekwa anwani nyingine huendelea kufanya kazi baada ya nenosiri kubadilishwa, na ruhusa iliyopewa programu ya nje inaweza kuendelea vilevile. Kwa hiyo fungua mipangilio ya akaunti, ukague kanuni za barua, anwani za kupelekea nakala na orodha ya programu zilizoruhusiwa, ufute usichokitambua, kisha uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani ule unaodai kitu kingine zaidi ya nenosiri, kama namba inayotumwa kwenye simu yako.

Ikiwa programu hiyo imekwisha kusakinishwa, usilifanye kuwa siri yako na fundi. Mwambie wakili leo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaitaka ofisi inayohifadhi taarifa za watu, taarifa hizo zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipofahamu. Saa hizo hazisimami kwa sababu mhazili aliogopa kusema.

Kuhusu msaada wenyewe: bonyeza kitufe cha F1 ndani ya Outlook na uandike swali lako kama ulivyomwandikia klipu.

Kompyuta ya zamani usiitupe wala kumwachia fundi kama sehemu ya malipo. Huenda barua zako za miaka hiyo zote zimo humo katika faili yenye kiishio cha .pst, na kama Outlook yako iliboreshwa kutoka toleo la zamani zaidi, yaelekea faili hiyo bado ni ya muundo wa kale usioweza kuzidi gigabaiti 2. Funga Outlook kwanza, nakili faili hiyo kwenye diski ya nje, kisha uifungue kwenye kompyuta mpya katika Outlook ya Windows inayoitwa "classic". Hiyo inaisoma miundo yote miwili, wa kale na ule uliofuata. Baada ya hapo itenge mashine ile na intaneti, kwa sababu ikiwa inatumia Windows XP haijapata marekebisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014.