Maswali yenu kuhusu pubspec.yaml: picha, matoleo na funguo za siri

Maswali yote ya safari hii yanagusa faili moja tu, pubspec.yaml, lile linalokaa kwenye mzizi wa kila mradi wa Flutter (zana ya Google ya kutengeneza programu) na kuorodhesha picha na pakeji ambazo mradi unatumia. Pakeji ni msimbo ulioandikwa na wengine unaouongeza kwenye mradi wako.

Nimeandika `- assets/` lakini picha zilizomo kwenye assets/picha hazionekani. Nimekosea wapi?

Ukitaja folda, Flutter huchukua mafaili yaliyomo moja kwa moja ndani yake, basi. Haishuki kwenye folda za ndani, isipokuwa zile za ukubwa wa picha kama 2.0x na 3.0x. Kila folda itajwe yenyewe:

```
flutter:
  assets:
    - assets/
    - assets/picha/
```

Mkwaju wa mwishoni usiuache, ndio unaoonyesha kwamba hiyo ni folda. Halafu tazama ule ujongezo wa kushoto. Neno `assets` liko nafasi mbili ndani ya `flutter`. Likiteleza hadi ukingoni linakuwa kitu kingine kabisa, na orodha yako haitasomwa. Tumia nafasi za kawaida, kamwe si kitufe cha Tab, maana YAML, muundo wa uandishi wa faili hili, haikubali Tab kwenye ujongezo. Ukimaliza, isimamishe programu uiwashe upya.

Kwenye kompyuta yangu nembo inaonekana vizuri. Seva ya Linux inayojenga programu inasema faili halipo. Inawezekanaje?

Linganisha herufi. Nina hakika kubwa kwamba umeandika Nembo.png na faili lenyewe linaitwa nembo.png. Mac na Windows kwa kawaida hazitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, Linux inatofautisha. Jizoeshe herufi ndogo tupu.

Nimeongeza pakeji moja tu, sasa `flutter pub get`, amri ya kupakua pakeji, inagoma kwa ujumbe mrefu kuhusu intl, pakeji ya kuandika tarehe na namba kwa lugha mbalimbali. Nifanyeje?

Ujumbe huo unatisha kwa urefu wake, lakini usiupite. Ni maelezo ya hatua kwa hatua: pakeji fulani inataka toleo hili, nyingine inataka lile, na hakuna linaloziridhisha zote mbili. Soma mstari wa mwisho kwanza, kisha rudi juu.

Ili uuelewe, jua maana ya alama ya ^. `^1.2.3` ni kuanzia 1.2.3 hadi kabla ya 2.0.0. Lakini namba ikianza na sifuri masharti yanabana: `^0.18.0` inaishia kabla ya 0.19.0. Hapo ndipo intl iliposumbua watu wengi, kwa sababu flutter_localizations, pakeji ya tafsiri inayokuja na Flutter yenyewe, huifunga intl kwenye toleo moja mahususi. Ukiandika lako tofauti, mmegongana.

Endesha `flutter pub outdated` uone kila pakeji ilipo na inapoweza kufika. Mara nyingi dawa ni kuipandisha ile pakeji iliyochelewa, au kuacha namba ya intl ifuate ya Flutter. Kuna `dependency_overrides` pia, inayolazimisha toleo kwa nguvu. Mimi huikimbilia mwisho kabisa, tena kwa muda: inanyamazisha mgogoro bila kuumaliza, na programu inaweza kuanguka mikononi mwa mtumiaji.

Je, pubspec.lock, faili linaloandika toleo kamili la kila pakeji, niiweke kwenye Git (mfumo wa kutunza na kushirikishana msimbo)?

Kwa programu, ndiyo. Ndiyo inayohakikisha wewe na mwenzako mnajenga kwa matoleo yale yale.

Funguo ya huduma ya malipo nimeiweka kwenye faili la .env (la kuhifadhia mipangilio na siri), nikalitaja chini ya assets. Iko salama?

Haiko salama, na naomba ulishughulikie leo. APK, yaani faili la kusakinisha programu ya Android, ni faili la zip. Mtu yeyote akilifungua anakuta folda ya assets/flutter_assets, na humo .env yako iko wazi, inasomeka kama barua. Chochote unachokitaja chini ya assets unamkabidhi kila atakayepakua programu.

Anza kwa kuifuta funguo hiyo kwa mtoa huduma na kuomba mpya, kwa sababu ya zamani imeshatoka. Mpya ikae kwenye seva yako. Programu iiombe seva, na seva ndiyo iongee na huduma ya malipo. Kisha liondoe .env kwenye orodha na kwenye Git.