Prosesa pepe 8, Windows inaona 2 tu

Swali: Assalaam alaykum fundi. Niko Wete. Ofisini tuna seva ya Linux yenye prosesa 2, kila moja viini 8, na RAM GB 64. Ndani ya KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) nimeweka Windows 10 Pro kwa hesabu za karafuu, nikaipa prosesa pepe 8 na GB 40. Task Manager inaonesha 2 tu, na programu inajikokota. Nimekosea wapi?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Usipoandika mpangilio wa prosesa, libvirt (programu inayosimamia mashine za KVM) huionesha Windows kila prosesa pepe kama chipu yenye soketi yake, yaani tundu lake kwenye ubao wa kompyuta. Windows 10 Pro hutumia soketi 2 tu, kwa hiyo sita zimekaa bure. Viini vingi ndani ya soketi moja inavikubali. Zima mashine pepe kabisa, kuiwasha upya kwa ndani hakutoshi, kisha kwa virsh edit, amri ya kuhariri faili la mipangilio ya mashine pepe, weka ndani ya sehemu ya cpu:

<topology sockets='1' cores='8' threads='1'/>

Zote 8 zitaonekana. Lakini uzito hautaisha wote hapo, na hili linaniuma kwa sababu wengi hulitibu kwa kuongeza RAM. Seva yako ina nodi mbili za NUMA: kila prosesa ina RAM yake ya karibu, GB 32 kama vijiti vimegawiwa sawa. Mashine ya GB 40 haienei upande mmoja. Ni kama kuchuma karafuu Wete kisha ukazianike Mtambile, kule kusini mwa Pemba.

Kwenye Linux ya seva endesha amri numactl --hardware. Mwishoni utaona umbali: 10 ni RAM ya nyumbani, 20 au 21 ya upande wa pili. Soma pia namba za prosesa za kila nodi, usikisie. Niliwahi kuifunga mashine kwenye 0 hadi 7 nikidhani ni chipu moja. Kumbe kwenye seva ile namba shufwa zilikuwa nodi 0, witiri nodi 1.

Punguza RAM iwe GB 24, Linux nayo ipate nafasi. Kwenye faili lile lile, katika cpuset ya vcpu (orodha ya prosesa halisi ambazo mashine inaruhusiwa kutumia) andika namba za nodi 0 peke yake, na ndani ya numatune, sehemu ya kuchagua RAM ya nodi gani itumike:

<memory mode='preferred' nodeset='0'/>

Kuandika strict badala ya preferred sikushauri msimu huu. Nodi ikijaa haiazimi upande wa pili, na mashine inaweza kuuliwa katikati ya kazi.

Baada ya siku moja endesha numastat -c qemu, ioneshe mashine pepe (qemu ndiyo programu inayoiendesha) inatumia RAM kiasi gani kwa kila nodi. Kama Node 1 bado imebeba GB nyingi, niletee matokeo tuyaangalie pamoja.