Kabla Hujapiga Lipu ya Saruji kwenye Nyumba ya Mjerumani

Kama umerithi, umenunua au umepanga nyumba ya enzi za Mjerumani huku pwani, usimwite fundi mpaka uelewe nyumba yenyewe inavyofanya kazi. Nimeishi kwenye nyumba ya aina hiyo Tanga miaka mingi, na uharibifu mkubwa niliouona kwa majirani ulitokana na matengenezo kuliko uzee.

Nianze na ukuta, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Ukiutoboa hukuti tofali. Unakuta matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene karibu nusu mita. Tunaziita nyumba za Mjerumani, lakini ujenzi huo mafundi wa pwani waliujua karne nyingi kabla yake. Nenda Kilwa Kisiwani, au hapo Tongoni tu, ukatazame magofu. Mjerumani alileta ramani, vyuma na amri. Mawe yalipangwa na mikono ya watu wetu, na majina yao hayakuandikwa popote. Hilo linaniuma kila ninapomsikia mtu akisifu kuta hizi kana kwamba zilishushwa melini.

Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na wa hewa ya bahari, kisha huutoa taratibu. Ukiuziba kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, na chumvi inabaki nyuma ya lipu ikiisukuma. Jirani mmoja alipiga saruji sebule nzima. Masika yalipopita, lipu ilikuwa imevimba kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Ukiigonga inalia uwazi, na ilipobanduliwa, jiwe nyuma yake lilikuwa linamung'unyika kwa vidole. Fundi atakuambia saruji ni ngumu zaidi. Ni kweli, na ugumu huo ndio unaoliumiza jiwe laini.

Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri, debe moja kwa madebe matatu ya mchanga wa mtoni, kamwe usitumie wa ufukweni. Lowesha ukuta kwanza, piga tabaka jembamba, subiri, kisha ongeza jingine. Kazi hii inakwenda polepole, kwa hiyo patana na fundi bei ya kazi nzima, si kwa siku, la sivyo ataivuta na gharama itapanda.

Jambo la pili ni upepo. Nyumba hizi zilijengwa Uzunguni, sehemu zilizochaguliwa kwa ajili ya hewa ya bahari, wenyeji wakipangiwa kukaa kwingine. Dari ziko juu sana, madirisha yanatazamana, milango ina matundu juu yake, na veranda pana inazuia jua lisipige ukuta. Iwe kaskazi au kusi, upepo unaingia upande huu na kutokea ule. Baada ya Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya 1971, majengo mengi ya mjini yaliingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, chombo cha serikali, na mengine yakaishia kukaliwa na familia kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana utakuta veranda zimezibwa kuwa vyumba na korido zimekatwa kwa mbao. Ukipata nafasi, bomoa hivyo viambaza kabla hujafikiria kununua kiyoyozi. Nilipofungua veranda ya nyuma iliyokuwa imezibwa, chumba cha kulala kilipoa usiku uleule. Dirisha la mbao lenye luva usilitupe uweke la alumini: luva inapitisha hewa hata mvua ikinyesha, kioo cha kusukuma hakiwezi.

Juu, ukibahatika, kuna vigae vyekundu. Geuza kimoja utazame nyuma. Vyangu vina muhuri wa Mangalore, mji wa India ulioanza kutengeneza vigae vya aina hiyo miaka ya 1860 na kuviuza hadi huku kwetu. Kigae kimoja kikivunjika unabadilisha hichohicho. Nunua vizima kila jengo la zamani linapobomolewa jirani na uviweke akiba. Kenchi zikaguliwe mchwa kila mwaka.

Baadhi ya nyumba zina sakafu ya juu iliyobebwa na vyuma. Vyuma hivyo karibu na bahari hula kutu, vikavimba na kupasua zege. Ukiona ufa ulionyooka unaofuata chuma, usiukandike, mlete mhandisi. Na kabla ya kubomoa chochote, uliza halmashauri kama jengo lina ulinzi wa sheria ya mambo ya kale.

Pesa zikiwa chache, anza na paa na mifereji ya maji kabla ya masika, kisha miguu ya kuta, kisha madirisha. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na iwe chokaa: rangi ya mafuta inauziba ukuta kama ilivyofanya saruji.