Vijana wa yadi za mabomba Hoima, mionzi haina harufu

Jamani, leo naongea na vijana wanaokuja Hoima na Buliisa huku Uganda kutafuta kibarua cha mafuta, na wazee wanaokodisha viwanja kwa makontrakta nao wasikilize. Watu wanaogopa moto, wanaogopa kreni kuangusha mzigo, sawa kabisa, lakini mionzi hakuna anayeiongelea maana huioni, huinusi, na siku ileile hata kuuma haiumi. Mimi nimekaa kwenye stoo na yadi za mabomba muda wa kutosha kujua tatizo linapoanzia. Kampuni kubwa mara nyingi zina mita za kupimia mionzi, zina vitabu, zina mtu wa usalama anayesumbua kila mtu. Kazi ikishashuka kwa kontrakta wa kontrakta, tena usiku, bosi kalala na watu wanataka wamalize waende, hapo ndipo mambo yanaharibika.

Mionzi yenyewe inatoka wapi? Bomba likishachomewa, maungio yanapigwa picha kuona kama kuna ufa ndani, na anayepiga ni kidonge kidogo sana cha iridiamu-192, chuma kinachotoa mionzi mikali, kinachokaa ndani ya boksi zito, mafundi wanaliita kamera. Wanazungusha kebo, kidonge kinatoka kwenye mrija, picha inapigwa, wanakirudisha ndani. Kwenye visima napo wanashusha vifaa vyenye seziamu-137 na amerisiamu-241, nazo zinatoa mionzi, kupima mwamba, na kifaa kikikwama chini wakashindwa kukivua wanakizika na saruji hukohuko, wanaweka bamba la onyo pale juu ili asije mtu akachimba tena, maana hiyo amerisiamu inachukua miaka 432 kupungua nusu tu.

Sasa hii kamera ndiyo inanikera. Kuna kontrakta mmoja nilifanya naye, jina naliacha, jamaa yake wa picha alikuwa na mita iliyokufa betri na kazi anaendelea nayo tu, ukimuuliza anakwambia mimi nimezoea, kebo ikigonga najua kimerudi. Beji za kupima mionzi, zile ambazo fundi anatakiwa kuvaa kifuani, zilikuwa zimefungiwa kwenye droo ya ofisi eti zisipotee! Kebo kugonga si ushahidi wa chochote, kidonge kinaweza kuachana na kebo kikabaki kwenye mrija au kikadondoka chini na wewe ukasikia mlio uleule. Peru mwaka 1999, pale Yanango kwenye mradi wa umeme wa maji, fundi wa kuchomea aliokota kidonge cha iridiamu, hakujua ni nini, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali akaendelea na kazi, jioni akaenda nacho nyumbani kwa mke na watoto. Mguu wake ulikatwa.

Kwa hiyo wewe kibarua, ukiambiwa nenda kakunje mrija wa yule fundi, angalia kwanza kama yeye mwenyewe ameiendea kamera na mita inayofanya kazi, akapima kuanzia mwisho wa mrija hadi mdomo wa boksi. Hajapima? Usiende. Utaitwa mwoga, acha waite. Na ukikuta kitu kidogo cha chuma kinang'aa karibu na walipopiga picha, usikiguse hata kwa kijiti, sogea mbali na uzuie wenzako. Umbali ndio ngao ya mtu asiye na kifaa, ukitoka mita moja ukaenda mita kumi kipimo kinashuka hadi sehemu moja ya mia.

Usafirishaji nao ni vituko. Nimeona kamera nyuma ya pikapu haijafungwa na vibarua wameikalia kama stuli. Australia, Januari 2023, kidonge cha seziamu cha milimita 8 kwa 6 kilidondoka kutoka kwenye lori lililotoka mgodini, wakakitafuta kwenye barabara ya kilomita 1,400 mpaka wakakipata pembeni ya njia. Wale wana magari yenye mitambo ya kutafutia. Kwetu hapa nadhani angekipata kwanza mtoto anayechunga mbuzi.

Halafu kliniki. Mtu aliyepigwa na mionzi mingi anaweza kutapika na kuishiwa nguvu, na kwetu hiyo ni malaria moja kwa moja, anapewa dawa anarudi kulala. Baadaye ngozi inakuwa nyekundu, inatoka malengelenge kama ya kuungua na yeye hakumbuki kuungua. Mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa karibu na kamera ya mabomba, ataje tarehe kwenye karatasi, na aombe kipimo cha damu kinachorudiwa kuona kama chembe nyeupe zinashuka. Usipomwambia hawezi kukisia.

Wazee wa viwanja sasa. Maji yanayotoka kisimani pamoja na mafuta yanabeba radiamu ya ardhini, nayo inatoa mionzi, na miaka ikienda inagandia ndani ya bomba kama magamba. Sisi bado wachanga kwenye hili, lakini mabomba ya zamani yanazunguka dunia, na yatakuja kwetu kama chuma chakavu au kama nguzo za bei poa. Kuyagonga, kuyakwangua au kuyakata kunatoa vumbi ambalo ukilivuta linabaki mwilini. Kule Louisiana familia moja ilikodisha kiwanja kwa kampuni ya kusafisha mabomba ya mafuta, ardhi ikachafuka, mwaka 2001 mahakama ikaamuru Exxon, kampuni ya mafuta iliyopeleka mabomba hapo, ilipe zaidi ya dola bilioni 1, ingawa kwenye rufaa zilipunguzwa sana. Mzee wa hapa kijijini hiyo kesi ataifungua na nini?

Kwa hiyo kabla hujasaini muulize kontrakta anakuja kuhifadhi nini na kusafisha nini. Kama ana kamera au vifaa vya mionzi akuonyeshe leseni ya Baraza la Nishati ya Atomiki, ndio wasimamizi wa mionzi nchini, lipo kwa Sheria ya 2008. Ardhi ipimwe mionzi siku anaingia na siku anatoka, gharama yake, iandikwe kwenye mkataba, na nakala ya vipimo ubaki nayo wewe nyumbani.