Kadeti mpya, saa ya melini siyo ya kuangalia zamu inaisha lini

Nimeliona tena wiki hii. Kijana mzuri, ana bidii, kapewa logibuku tukiingia Tanga akaandika "tumepita Ulenge saa 4:10". Saa nne ipi mdogo wangu? Ya mchana, yaani 10:10, au 04:10 watu wamelala? Na ni saa zetu au UTC, saa ya kimataifa iliyo masaa 3 nyuma ya yetu? Namuuliza ananijibu "si inaeleweka tu chifu". Haieleweki! Anayeisoma hiyo logi mwakani anaweza kuwa mchunguzi wa ajali ambaye hata Kiswahili hajui. Kwa hiyo naandika haya, mnivumilie nikiwa mkali, nawapenda na sitaki kusikia mmepandisha chombo mwambani kwa sababu ya saa.

1. Logi ni masaa 24, tarakimu nne, na zoni pembeni. Saa za kuhesabu toka jua lichomoze ziacheni nyumbani na sokoni, huko ndo zinafaa.

2. Muda ndo mahali. Hili mmefundishwa darasani mkajibia mtihani mkalisahau. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa masaa 24, kwa hiyo nyuzi 15 kwa saa moja, nyuzi 1 kwa dakika 4, na sekunde 4 zinabeba dakika moja ya longitudo (hiyo ni sehemu ya 60 ya nyuzi, siyo dakika ya saa), ambayo huku kwetu karibu na ikweta ni kama maili moja ya baharini, mita 1,852. Sasa fungueni chati. Tanga na Wete ya Pemba ziko karibu latitudo moja, zinapishana longitudo kama dakika 36. Kwa jua hizo ni dakika mbili na nusu tu za saa hivi! Ukipiga jua kwa sekstanti, kile kifaa cha kupima jua liko juu kiasi gani, na saa yako imekosea kiasi hicho na hujui, unaweza kujiweka Pemba na wewe uko hapa Raskazone, Tanga.

Wazo lenyewe ni la zamani, mwanahisabati Gemma Frisius alishaliandika 1530: beba saa yenye muda wa ulikotoka, linganisha na jua la ulipo, umepata longitudo. Tatizo likawa saa. Saa ya Huygens ya 1656, inayoendeshwa na pendulo linalobembea, nchi kavu ilikuwa safi, ukiipandisha melini mawimbi yanaivuruga. Latitudo watu walikuwa nayo, hata manahodha wa Kiarabu waliokuwa wanashuka na kaskazi mpaka pwani hii walipima nyota kwa kibao na uzi wenye mafundo, lakini longitudo ilikuwa ni kukadiria mwendo na kumwomba Mungu. Mwaka 1707 kundi la meli za kivita za Uingereza chini ya amiri Cloudesley Shovell lilikuwa linarudi nyumbani, wakadhani wako mahali pengine kabisa, usiku wakaingia kwenye miamba ya visiwa vya Scilly, meli 4 zikaangamia na watu zaidi ya elfu moja wakafa. Watu wazoefu wale, siyo kadeti. Mwaka 1714 Bunge lao likatangaza zawadi ya mpaka pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo, na aliyekuja kulitatua ni seremala, John Harrison, wakati wakubwa wa elimu ya nyota wanataka jibu litoke kwenye mwezi.

3. Kronomita, ile saa ya meli ya kupatia longitudo, haiguswi, kosa lake linajulikana. Hapa ndo huwa nataka kupiga kelele. Saa ya nne ya Harrison, ina upana kama sentimita 13 tu, ilipopelekwa Jamaica 1761 walishaandika kabla haijaondoka kwamba kila siku inachelewa sekunde 2 na theluthi mbili. Walipotoa huo uchelewaji, safari ya siku 81 ikawa imepoteza sekunde 5 na pointi. Mmeona? Saa bora kuliko zote duniani wakati huo ilikuwa inachelewa kila siku, na haikuwa shida maana kuchelewa kwake kulikuwa na hesabu. Wewe unakuja na simu yako unasogeza mshale "iwe sawa", umefuta rekodi yote ya mwendo wake. Sikiliza mlio wa saa kwenye redio, andika imekosea kiasi gani leo, iache.

4. Jedwali la maji, soma kichwa cha ukurasa. Hili linaniuma mpaka leo. Nilikuwa ofisa mdogo kwenye kimeli cha mizigo, tunapeleka saruji Pangani, na mdomo wa ule mto mnaujua, kuna fungu la mchanga, unaingia maji yakiwa yamejaa tu. Nahodha akanipa jedwali nitoe saa ya kujaa. Nilikotoka majedwali yote yalikuwa ya UTC, unajumlisha 3 umemaliza, mkono ulishazoea. Hili lilikuwa limeshachapwa kwa saa za Afrika Mashariki, imeandikwa juu kabisa, mimi nikaruka moja kwa moja kwenye tarehe. Limesema 06:00, nikaandika 09:00. Nahodha akaniamini akasaini.

Tumefika 08:45, maji yanatoka kwa kasi, ya kahawia, yanavuta maboya kuelekea baharini, na mimi nimeshika daftari nasema bado robo saa yajae. Macho yalikuwa yanaona maji yanakupwa, mdomo unasoma karatasi! Chombo kikaanza kupunguza mwendo kama mtu kakishika shati kwa nyuma, kisha kikasimama, injini inanguruma hatuendi. Ikabidi tukae. Kufika mchana mchanga uko wazi, chombo kimelala ubavu, mifuko ya upande wa chini imelowa yote, na mwenye mzigo amesimama ufukweni anatuangalia. Mzee mmoja mvuvi akaja kwa miguu mpaka ubavuni kwetu, akamwambia nahodha, "Bamvua imepita juzi baba, leo maji yamejaa kunapambazuka, mlikuwa wapi?" Hana jedwali yule. Anahesabu siku za mwezi, na pwani hii bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa mida ya saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, kila siku inayofuata inasogea mbele kidogo. Nahodha hakunifokea. Alichukua jedwali, akaweka kidole kwenye ule mstari wa juu, akanikabidhi, akaenda zake. Tulielea alasiri.

Soma kichwa, kisha uliza mwezi una siku ngapi, na hesabu zisipopatana msiingie.

5. "Siku hizi kuna GPS chifu." GPS nayo ni saa! Satelaiti ziko kama kilomita 20,200 juu, zimebeba saa za atomiki, na mikrosekunde moja ya kosa, sehemu ya milioni ya sekunde, ni mita 300.

6. Kazi ya wikiendi. Chomekeni fimbo wima mahali tambarare, wekeni alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano, mniambie jua limevuka lini, yaani kivuli kimekuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi. Saa zetu zinafuata longitudo 45 na Tanga iko 39 na kidogo, kwa hiyo wastani ni 12:24, katikati ya Februari inasogea mpaka karibu 12:38 na mwanzoni mwa Novemba inarudi kama 12:08. Leteni alama zenu na saa mliyotumia, na muandike hiyo saa ilikuwa imekosea sekunde ngapi.