Muulize Bibi: Wasaidizi wa kisheria wanaomba chumba cha kanisa

SWALI: Bibi, shikamoo. Mimi ni mtunza hazina wa usharika mmoja hapa Tanga mjini, upande wa Makorora. Kila mwezi tunatoa sadaka ya diakonia, na ikifika Pasaka na Krismasi tunanunua mchele, sukari na sabuni tunawapelekea wajane na yatima wetu. Mwaka huu yamekuja maombi mawili. Wasaidizi wa kisheria wa kata wanaomba chumba cha shule ya Jumapili kila Jumamosi asubuhi wawasikilize watu bure, hasa mambo ya mirathi na matunzo ya watoto. Na kina mama wa mtaani, wengi wao Waislamu, wanaowapikia uji wagonjwa wasio na ndugu pale hospitali ya Bombo, wanaomba tuwaunge mkono. Baraza la wazee limegawanyika. Mzee mmoja anasema kanisa litaburutwa mahakamani. Mwingine anauliza sadaka ya Wakristo inaendaje kwenye sufuria ya Waislamu. Vijana nao wanataka tuanzishe mradi wetu wenyewe, wenye bango na fulana za usharika. Nishauri, kikao kiko karibu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chumba wapeni, na uji uchangieni. Mradi mpya wa vijana usubiri.

Nianze na hofu ya mahakama, maana ndiyo inayowashika wazee wengi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na kuwawekea mipaka. Wanamweleza mtu haki yake, wanamsaidia kuandika, wanamwelekeza pa kwenda. Hawasimami mahakamani kama mawakili na hawaruhusiwi kumtoza mtu fedha. Waombeni cheti cha usajili wao, mkione kwa macho, mbaki na nakala. Kisha andikeni ukurasa mmoja: chumba ni kwa saa hizi, usafi ni wa nani, ufunguo unakaa kwa nani, hakuna siasa za uchaguzi humo ndani. Mchungaji atie sahihi na kiongozi wao atie sahihi. Hilo la mahakama liishie hapo.

Sasa nikwambie kitu ambacho wazee wako huenda hawajakifikiria. Mnadhani hao watu wanahitaji chumba tu. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mkoani humu mpaka nikastaafu, na nakuhakikishia kwamba kitu cha thamani kuliko vyote mlicho nacho kimo kabatini mwa ofisi ya mchungaji: kitabu cha ndoa na kitabu cha ubatizo.

Alikuja kwangu mjane mmoja na karatasi zake kwenye mfuko wa rambo. Kibali cha mazishi alikuwa nacho, risiti za mabati alikuwa nazo, cheti cha ndoa kilikuwa kimechukuliwa na mashemeji siku ya arobaini. Ukoo ulikuwa umekaa kikao bila yeye, muhtasari umeandikwa, msimamizi wa mirathi amependekezwa, na ndani ya muhtasari huo yeye ameitwa "mwanamke aliyekuwa akiishi na marehemu". Miaka yote ya ndoa imefutwa kwa mstari mmoja. Tulikwenda kanisani alikofungia ndoa. Mwinjilisti akashusha kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa, akawa anapitisha kidole mstari kwa mstari, hadi akafika: jina la bwana, jina la bibi, sahihi za mashahidi. Shahidi wa upande wa bwana alikuwa yule yule shemeji aliyeongoza kikao cha ukoo. Mwinjilisti akaandika barua, mchungaji akapiga mhuri, na mjane akaipeleka mahakamani kuweka pingamizi. Kilo tano za mchele zisingemfanyia kazi hiyo, na mchele siudharau, maana watoto wake walikuwa na njaa kweli.

Kwa hiyo katika ule ukurasa wenu mmoja ongezeni hili: mtu akiletwa na wasaidizi wa kisheria kutafuta kumbukumbu ya ndoa au ubatizo, ahudumiwe bila kuzungushwa na bila kuulizwa kwanza kama amelipa ahadi yake ya kanisa. Na wasaidizi hao wawalipe ninyi kwa elimu. Waombeni wazungumze na kina mama baada ya ibada. Wengi hapo kwenye viti vyenu hawajui kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume, au mke, kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Wanakuja kujua siku mnunuzi anapofika na fundi kupima vyumba.

Kuna jambo moja nalisema kwa ukali. Mkishafungua mlango huo wa Jumamosi, yataletwa pia mambo ya watoto walioharibiwa, yaani waliofanyiwa ukatili wa kingono. Yasisuluhishwe chumbani kwa mchungaji. Nimeyaona makanisa, na misikiti pia, yakikaa na familia mbili, yakiomba pamoja, yakipokea fedha ya "kufuta machozi", na mtoto anarudishwa nyumba ile ile. Hilo ni kosa la jinai, si ugomvi wa jirani. Mtoto asiogeshwe, nguo alizovaa zisifuliwe, apelekwe hospitali na polisi siku hiyo hiyo, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ipatikane PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Namba 116 ya kuwasaidia watoto inapigwa bure. Kazi ya mzee wa kanisa hapo ni kumsindikiza mama, kulipa bodaboda, na kukaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Kama mtaa wenu una kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, viongozi wa dini wana nafasi humo. Ulizeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nani anawawakilisha, maana mara nyingi kiti hicho kiko tupu.

Uji wa Bombo. Mwambie mzee wako kwamba mgonjwa wa Bombo haulizwi dini kabla ya kupewa kikombe. Hata Hospitali Teule ya Muheza, ya Waanglikana, kwa miaka mingi ilifanya kazi ya hospitali ya wilaya kwa makubaliano na serikali, na ni watoto wangapi wa Kiislamu wamezaliwa pale? Sisi wa Tanga tumelishana pilau la Maulidi na wali wa Krismasi tangu utotoni. Ila mchango wenu uwe na adabu. Pelekeni vitu vikavu: unga, sukari, mkaa. Msipeleke chakula kilichopikwa majumbani mwenu, ili asiwepo wa kuitilia shaka sufuria. Mwezi wa Ramadhani waulizeni kama wanahitaji mikono ya mchana, kwa sababu wao wamefunga na moto ni mkali. Hapo kina mama wenu watakuwa wa maana kuliko mfuko wowote wa sukari. Na kundi la wapika uji libaki na jina lake na viongozi wake.

Vijana wasikatishwe tamaa. Wapeni kazi ya kupanga viti Jumamosi, kuandika majina kwa zamu, kuwasomea wazee barua. Fulana haihitajiki, na picha za wajane wameshika mchele zisipigwe.

Kwa hesabu yako wewe, tenga fungu la ushirikiano huu kwenye ukurasa wake, risiti zote zibaki, sahihi ziwe mbili.

Na ikiwa baraza litakataa chumba, usigombane nao. Mwombe mchungaji akubali lile la kitabu cha ndoa peke yake, na aseme siku moja ya juma ambayo ofisi itakuwa wazi kwa ajili hiyo. Wasaidizi wa kisheria wanaweza kukaa chini ya mwembe wa serikali ya mtaa, lakini kitabu hicho hawawezi kukipata kwingine.