Serotonini na kansa ya matiti: kwa nyie mnaoanza atachimenti famasi

Wadogo zangu mliofika Malindi juzi, hii mada itawafata dirishani kabla hata hamjaisoma vizuri, maana mama atakuja na karatasi ya tamoksifeni, dawa ya kansa ya matiti, huku ameandikiwa na dawa ya msongo wa mawazo inayogusa serotonini, na mwenzenu wa zamu atasema "hiyo ya serotonini ni ya furaha tu, mpe".

Si ya furaha tu. Serotonini ni kemikali ya mwili inayobeba ujumbe kati ya seli, sehemu yake kubwa inatengenezwa utumboni, na titi lenyewe linajitengenezea yake, inachangia maziwa kukauka mtoto akiachishwa. Basi seli za kansa ya titi kukutwa na risepta zake, yaani vipokeo inavyojishika kwenye seli, si ajabu hivyo.

Mkishika pepa yoyote ya utafiti ulizeni kwanza, risepta gani? Familia ziko 7, zinaitwa 5-HT1 hadi 5-HT7 (5-HT ni serotonini yenyewe), ukisema "risepta ya serotonini" peke yake ni kama kuita "Mohamed!" sokoni, wanageuka kumi. 5-HT2A imeonekana kwenye seli za kansa ya titi ziitwazo MCF-7, serotonini ikiigusa zinaongezeka. 5-HT7 imetajwa kwenye seli nyingine za kansa ya titi, MDA-MB-231, zile zisizo na risepta za homoni ya estrojeni. Lakini hizo ni seli za maabara jamani, MCF-7 zimetoka kwa mgonjwa mmoja wa Marekani na zinakuzwa tangu 1970, kwa hiyo usimwendee mama wa watu ukamwambia aache dawa yake eti inalisha uvimbe.

Inayowahusu kila siku ni 5-HT3. Kemo inakera seli za utumbo, zinamwaga serotonini, inagonga 5-HT3 kwenye neva ya vagasi, ile inayopeleka taarifa za tumbo kwenye ubongo, mtu anatapika. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, inaziba hapo, ndo maana inatolewa kabla ya dripu ya kemo, msisubiri aanze kutapika, na mwambieni mapema kwamba inafunga choo, hili wengi wanaona haya kuuliza.

Sasa turudi kwa yule mama. Angalieni kama dawa yake ya msongo wa mawazo ni paroksetini au fluoksetini. Shida yake haiko kwenye risepta kabisa, iko kwenye ini: zinazuia enzaimu ya CYP2D6, ile inayogeuza tamoksifeni kuwa endoksifeni yenye nguvu. Mkiiona mpigieni daktari aliyeandika, venlafaksini, dawa nyingine ya msongo wa mawazo, haizuii sana enzaimu hiyo, anaweza kubadilisha. Kumkatisha ghafla nyie wenyewe, hapana, paroksetini ikiachwa ghafla inamsumbua mtu vibaya.